Chumvi ya Mara ya Pili

14 Septemba
Sikukuu ya Msalaba. Vijana wamewasha moto kilimani kama kila mwaka, na Najla amefika kutoka Beirut na masanduku mawili. Mtu anayekuja kwa ajili ya sikukuu haji na masanduku mawili.

15 Septemba
Sikukosea. Amekuja kumchukua Mama akakae naye msimu wote wa baridi, mpaka milozi ichanue. Amelisema mezani tukinywa kahawa, akinitazama mimi badala ya Mama, kwa sauti ile yake ya upole inayonichoma. Kwake kuna lifti. Kwake joto linapita ndani ya kuta. Kwake daktari wa presha yuko ng'ambo ya barabara, na huku kwetu theluji ikifunga njia hapandi mtu.

Yote ni kweli. Lakini tangu Baba afariki ni miaka kumi na mmoja, na miaka yote hiyo ni mimi, Hiyam, ninayelala chumba cha pili na mlango wazi ili nimsikie akikohoa. Sikuolewa, sawa. Kaka yetu Ghassan yuko Brazili, anatuma picha. Najla, ninayemzidi miaka tisa, niliyemfundisha kusuka nywele zake, huja mara mbili kwa mwaka na manukato. Akimchukua Mama, nitamwashia nani sobia? Jiko lile la kuni limewekwa katikati ya sebule ili watu walizunguke. Mtu mmoja hawezi kulizunguka.

Mama amesema tutaona, zeituni zikishakamuliwa atatoa jibu. Kisha akaomba kikombe kingine cha kahawa, ambacho haruhusiwi.

18 Septemba
Nimeanika tini. Najla ameamka saa tatu.

21 Septemba
Leo Najla ameingia jikoni kwangu. Alichoma boga, akaliponda na rojo la ufuta, akanyunyiza punje za komamanga juu. Akakausha vipande vya mkate, akavipaka labne, ule mtindi mzito, kila kimoja akakivika tini. Akakaanga kiganja cha jozi kwa asali. Ndiyo basi. Vionjo vitatu ambavyo mtu angeviandaa huku anaongea na simu, na kweli alikuwa anaongea na simu.

Jirani yetu Um Tanius, ambaye hakosi alasiri yetu hata mvua inyeshe mawe, alisema ni vizuri mpaka mtu anaona haya kuvila. Mama hakuona haya. Alikula boga kwa kidole. Akamwambia Najla neno la kumshukuru mpishi, "Mikono yako isalimike." Alisema mara tatu, nilihesabu.

Miaka kumi na mmoja nimempikia mchana na jioni. Sikumbuki hata mara moja akiniambia mikono yangu isalimike. Mimi huniambia, "Ongeza ndimu."

24 Septemba
Nimeamka na hasira nikaandaa sahani kumi na moja. Hummus, biringanya za kuchoma, majani ya zabibu niliyoyakunja moja moja kwa unene wa kidole, jibini, viazi vya giligilani, ini la kondoo, sijui na nini. Meza ilijaa mpaka kikapu cha mkate kikakaa kitini.

Um Tanius alisimama mlangoni. "Hiyam mama, hii ni harusi. Bwana harusi yuko wapi?"

Walicheka wote, na Mama alicheka zaidi. Alikula. Alipomaliza aliuliza kama boga la juzi limebaki.

2 Oktoba
Mvua ya kwanza. Udongo umenukia mpaka ndani. Najla alimfunika Mama shali mabegani kabla sijafika.

14 Oktoba
Zimeletwa biringanya ndogo za makdus, zile za kujazwa jozi na kulazwa kwenye mafuta, mia moja na ishirini. Katika nyumba hii makdus ni kazi yangu. Hata Um Tanius huja kuniuliza. Lakini Najla amesema mwaka huu angependa azitengeneze yeye na Mama, kama alivyoona utotoni, kisha azipeleke Beirut wageni wake waonje kitu cha mlimani. Mama alifurahi mpaka akajifunga aproni mwenyewe.

Mimi nimepewa kazi ya kuvunja jozi. Nimezivunja nje, kwenye ngazi, kwa jiwe, huku nikisikia vicheko vyao dirishani. Mama anamweleza Najla mambo ambayo mimi hakunieleza. Mimi nilijifunza kwa kukaripiwa. Nina wivu, naandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kusema. Mwanamke wa miaka hamsini na saba ana wivu kwa sababu ya biringanya.

15 Oktoba
Wamezichemsha, wamezipasua ubavuni, wamezitia chumvi ndani, wamezipanga kwenye chujio kubwa na kuweka jiwe juu zichuje maji. Najla alitia chumvi kwa uangalifu, kidogo kidogo, Mama akimwelekeza. Kisha, "Mikono yako isalimike."

16 Oktoba
Nitaandika kama ilivyokuwa.

Niliamka alfajiri kuwasha jiko. Chujio lilikuwa pale. Nilinyanyua jiwe, ni zito, nikaliweka sakafuni bila kugonga. Kisha nikachukua kopo la chumvi, nikazifungua biringanya moja baada ya moja na kutia chumvi tena. Si kidogo. Ilinichukua muda mrefu, kwa hiyo siwezi kusema nilipitiwa. Nilipofika karibu ya themanini nilisimama, nikamwona Najla akifungua chupa mbele ya wageni wake, wake wa madaktari, wanauma, wanatafuta maji. Nikaendelea mpaka ya mwisho. Nikarudisha jiwe, nikaweka kahawa motoni.

Nilikunywa kahawa ile kwa raha ambayo sijaipata tangu Septemba.

17 Oktoba
Mama aliniamsha mapema akasema zamu yetu ya kukamua zeituni imeletwa mbele, niende kinuni na magunia ya kwanza. Nimefika, watu wakanishangaa, jina letu halimo. Nimekaa kutwa nzima nikingoja mtu mmoja anionee huruma. Nimerudi jioni na madumu mawili na harufu ya mafuta mapya mpaka kwenye nywele. Biringanya zilikuwa zimeshajazwa jozi na pilipili, zimepangwa kwenye chupa, chupa zimegeuzwa kichwa chini zimalize maji. Kesho zitatiwa mafuta ya zeituni. Wiki tatu zitakuwa tayari.

Hakuna aliyesema lolote. Kwa hiyo hakuna aliyejua.

20 Oktoba
Tumewasha sobia. Nakubali, hakuna jambo tamu duniani kama siku hii. Nimeweka maganda ya machungwa juu ya bamba, viazi ndani ya majivu, mkate na jibini pembeni viyeyuke taratibu. Mvua inapiga kioo. Mama alivua soksi, akanyoosha miguu kwenye joto. Nilikuwa karibu kusahau kila kitu. Kisha Najla akachuchumaa, akaanza kumsugua Mama miguu kwa mafuta ya zeituni, na Mama akafumba macho.

Kazi ile ni yangu. Huwa naifanya Jumamosi. Leo ni Jumanne.

24 Oktoba
Najla alinifuata kwenye kuni. Aliangalia nyuma kwanza.

"Dada, sitaki kukutia hofu. Mama ameanza kusahau."

Nilimuuliza amesahau nini. Akasema ni jambo dogo tu la jikoni, Mama mwenyewe amelia kidogo na kumwomba asiniambie. Lakini kwake yeye Najla limekwisha kuamua. Mtu wa miaka themanini na mbili anayeanza hivyo asikae mlimani mahali njia inafungwa.

Nilimjibu kwamba mimi naishi na Mama, ningekuwa nimeona. Akanigusa mkono. "Ukiishi na mtu kila siku huoni," akasema.

Nilirudi ndani na kuni nusu. Kilichoniuma si ugonjwa, Mungu anisamehe. Kilichoniuma ni kwamba wana siri, wao wawili.

29 Oktoba
Siku tano namchunguza Mama. Leo amenikumbusha ndoo niliyoitoboa mwaka wa vita, na kwamba mpaka leo sijakiri.

3 Novemba
Gunia la mwisho limekamuliwa. Tulikaa kuzunguka sobia, Um Tanius naye akiwapo, tukichovya mkate kwenye mafuta mapya, makali mpaka yanakohoza. Mama alifuta midomo akasema, "Haya. Nakwenda na Najla."

Um Tanius aliweka mkate chini. Mimi nilinyanyuka nikafungua mlango wa sobia, nikatia kuni ambazo hazikuhitajika.

Kisha Mama akasema jambo la pili, kwa furaha kabisa. Makdus zile zote zinakwenda naye. Atakula moja kila asubuhi na chai, msimu wote wa baridi, ili asiisahau nyumba.

Moja kila asubuhi. Daktari alimwambia mwaka jana, mbele yangu, kwamba chumvi ndiyo itakayomuua.

4 Novemba
Sijasema.

5 Novemba
Nilimwambia Najla aziache chupa zile, nitamtengenezea nyingine nzuri zaidi, nizitume kwa basi. Akacheka. "Dada, hebu niachie hiki kimoja tu."

Nilizitazama pale rafuni, chupa nane, mafuta yake ya dhahabu yanapendeza. Nimefikiria kuzidondosha. Nimeshika moja, nikairudisha.

7 Novemba
Nimemwekea Mama kahawa. Alinitazama kwa muda mrefu, kikombe mkononi, hadi ikapoa. Nikamuuliza kama anataka kitu. Akasema, "Mimi? Hapana. Wewe?"

Nikasema hapana.

9 Novemba
Wameondoka. Nimekaa mezani na bado koti liko mwilini.

Elias, mume wa Najla, alifika na gari saa nne. Alipakia sanduku la Mama, mablanketi, dumu la mafuta, gunia la ngano ya bulguri. Akarudi kuchukua chupa. Alizibeba mbili mbili kifuani, akazipanga kwenye kreti na kuzitenganisha kwa magazeti. Nilisimama kando nikihesabu. Sita. Nane. Akainama kunyanyua kreti.

Nikakalia kreti.

Sikupanga. Nilijikuta nimeketi juu ya makdus, mbele ya mlango, Elias ameinama mbele yangu hajui ashike wapi. Najla aliuliza kama naumwa. Mama alikuwa ameshavaa viatu na kitambaa cha kichwa, ameketi kwenye kiti cha karibu na sobia. Hakuuliza kitu.

"Zina chumvi," nikasema. "Nilizitia chumvi mara ya pili. Alfajiri, mlipokuwa mmelala. Zote. Mama asile hata moja."

Elias alisema anakwenda kuangalia injini, akatoka. Ni mtu mwenye akili.

Nilisubiri Najla apige kelele. Lakini yeye hakuniangalia mimi, alimwangalia Mama, na uso wake ukabadilika taratibu.

"Mama, uliniambia ni wewe," akasema. "Uliniambia umesahau kwamba nimeshatia, ukatia tena. Ukalia."

"Nililia kitunguu," Mama akasema.

Ndipo nikajua yote, maana Mama alieleza. Asubuhi ile ya tarehe kumi na saba Mama alionja kipande kabla ya kuanza kujaza, kama kila anayejua makdus anavyoonja, na mimi katika ujanja wangu wote nilisahau kwamba hakuna mwanamke wa kijiji hiki anayejaza bila kuonja. Alijua papo hapo mkono wa nani. Akampigia simu mwenye kinu anicheleweshe, akaniondoa nyumbani na zeituni ambazo zamu yake ilikuwa Ijumaa. Akamwambia Najla kosa ni lake. Wakaloweka biringanya kwenye maji, wakayabadilisha mara tano, wakazikamua tena chini ya jiwe, wakajaza jioni kabla sijarudi. Chupa zile hazina ubaya. Zina chumvi kidogo kuliko za mwaka wowote.

Nilibaki nimekaa pale pale juu ya kreti. Niliuliza kwa nini hakusema.

"Nilingoja useme wewe," Mama akasema. "Wiki tatu. Kila asubuhi unaniletea kahawa, najiambia leo atasema. Ungesema siku ile ile tungecheka, Hiyam. Ningekupiga na mwiko, tungecheka, na ningebaki."

"Basi baki. Nimesema."

"Umesema kwa sababu gari liko mlangoni."

Najla aliketi sakafuni karibu yangu, na sketi yake nzuri. Alisema kwa sauti ndogo kwamba alimsihi Mama tena aende Beirut kwa sababu ya chumvi ile. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kukata tamaa. Mama alikuwa amemwambia hapana mara mbili, faragha, mwezi wa Septemba.

Mara mbili. Kwa hiyo alikuwa amekwisha kunichagua, wakati mimi nahesabu mikono ya nani imesalimika.

Nikasema hilo nalo, kwa kuwa sasa nilikuwa nimekwisha kujivua nguo zote. Nikamuuliza Mama kwa nini humwambia Najla maneno yale na mimi hajanitamkia hata mara moja. Mama alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Najla ni mgeni. Mgeni akipika anashukuriwa. Sasa wewe nikushukuru kwa nini, mkono wangu mwenyewe? Mimi nikipika najishukuru?"

Najla aligeuza uso upande wa dirisha. Kwa mara ya kwanza tangu aje na masanduku yake nilimwonea huruma, maana neno lile lilimkata yeye kuliko mimi. Binti anaambiwa mgeni nyumbani kwao. Nami nilikuwa nimemwonea wivu kwa hilo.

Mama akanyanyuka kwa mkono wa Najla, si wangu. Alisema anakwenda. Ameahidi na mizigo imo garini, na zaidi ya hayo anataka msimu mmoja ambao hakuna mtu anayeangalia mdomo wake kila akila. Akanigonga begani niondoke kwenye kreti.

Niliondoka. Niliibeba mwenyewe mpaka garini.

10 Novemba
Sobia imezimika. Sijaiwasha.

15 Novemba
Um Tanius amekuja na kuni zake mwenyewe chini ya kwapa, akawasha bila kuniuliza. Amekaa mpaka viazi vikaiva. Hakuuliza lolote kuhusu Mama, na najua ilimgharimu.

23 Novemba
Theluji ya kwanza, nyembamba. Njia bado iko wazi.

4 Desemba
Sikukuu ya Mtakatifu Barbara. Nimechemsha ngano na mbegu za anisi kwa ajili ya watoto wa jirani. Saa kumi simu ikalia, Najla.

Mama hataki zeituni za kijani anazomwekea. Najla amejaribu mara tatu. Amezinunua, ametengeneza, ameomba kwa mama mkwe wake. Mama anauma moja, anaiweka pembeni mwa sahani, anasema za nyumbani si kali hivi. Asubuhi hii hakula chochote.

Nilifurahi. Siwezi kuandika vinginevyo. Nilishika simu kwa mikono miwili. Najla akasema, "Dada, unazifanyaje?"

Hilo hakuna anayelijua, hata Mama. Wengine wote hutia chumvi mpaka yai bichi lielee kwenye maji. Mimi niliacha yai mwaka ule daktari aliposema kuhusu presha. Natengeneza chupa ndogo moja tu kila wiki, ili zisiharibike. Naziponda, nabadilisha maji siku tano asubuhi na jioni, halafu kijiko kimoja cha chumvi, ndimu mbili na jani la mlimau. Miaka minane Mama anakula zeituni za mgonjwa na hajui. Anadhani ni mkono wangu ulivyo.

Najla alidhani simu imekatika, akaniita. Ningeweza kusema ni maji ya hapa. Ningeweza kusema nitatuma kwa basi, na kila wiki Mama angengoja basi langu.

Nikamwambia. Nilimwambia polepole, akiandika. Kijiko kimoja, nikarudia, kidogo, cha chai, usikijaze. Akauliza kama ndiyo yote, nami nilikuwa nimelibakiza lile jani. Nikamwambia na jani, na siku ya kulitoa.

"Mikono yako isalimike, dada," akasema.

Wiki ijayo Mama atauma zeituni Beirut, atatikisa kichwa kwamba sasa ndizo, na atakuwa anasifu mkono wa Najla. Wivu bado ninao ninapoandika. Lakini kabla hatujaagana nilimuuliza presha ya Mama, naye akasoma kwenye karatasi. Kumi na tatu kwa nane, yaani mia na thelathini kwa themanini. Haijawahi kuwa nzuri hivyo alipokuwa kwangu.